Swali la Lugha: "Uchi wa Umma Iruhusiwe"?

SWALI: Nasimamia kikundi cha mdahalo chuoni, Morogoro. Mada ya mwezi huu tumeipata kwa Kiingereza, na wanafunzi wameifasiri hivi: "Uchi wa umma iruhusiwe na kuhalalishwa kisheria." Mwalimu mwenzangu anadai "uchi" ni tusi, halifai kusomwa mbele ya wageni, tuandike "utupu". Mwingine anabisha kwamba utupu ni hali ya debe lisilo na kitu. Nani yuko sahihi, na mada iandikwe vipi?

JIBU: Mwalimu, hilo "uchi wa umma" lifuteni ubaoni leo hii, kabla wanafunzi hawajalizoea. Neno uchi likifuatwa na "wa" na jina la mwenyewe, Mswahili hafikirii tena hali ya kutovaa, anafikiria viungo. Uchi wa mtoto ni kile kinachofunikwa na nepi. Basi uchi wa umma ni sehemu za siri za wananchi wote kwa jumla, na sidhani kama kuna bunge lililowahi kuketi kuzijadili. "Uchi wa mnyama" ni nahau iliyokwisha kuganda, haihesabiki hapa.

Mnachotaka kutaja ni mahali, na kwa mahali pa namna hiyo tunalo neno la zamani na zuri: hadharani. Hadhara ni kuwapo kwa watu. Haiangalii hati ya kiwanja ina jina la nani. Mtu aliyevua nguo zote katikati ya msitu wa serikali, hakuna anayemwona, hayuko hadharani ingawa ardhi ni ya umma. Aliyevua barazani kwake huku watu wanapita njiani wakienda sokoni, yuko hadharani ingawa baraza amejenga mwenyewe. Wanamdahalo wenu wakilishika hilo tu, nusu saa ya ubishi usio na maana itaokolewa, kwa sababu kuna atakayesimama kusema "kwangu nafanya nitakavyo", na jibu lake limo ndani ya neno lenyewe.

Sasa "iruhusiwe". Uchi ni la ngeli ya U, kwa hiyo uchi uruhusiwe. Mkitumia kitenzi-jina, yaani kukaa uchi au kutembea uchi, upatanisho ni wa KU: kutembea uchi kuruhusiwe. Hiyo "i" inayobandikwa siku hizi mbele ya kila kitenzi (kusoma inasaidia, kucheza inafurahisha, na sasa uchi iruhusiwe) nimeichoka, na naona hata watangazaji wanaitumia bila haya.

Kuhusu tusi: hapana. Mwenzako anaogopa kivuli. Uchi ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili, limo katika Biblia ya Kiswahili kwenye Mwanzo 2:25, pale Adamu na mkewe wanapoelezwa kuwa walikuwa uchi wala hawakuona haya, na husomwa makanisani mbele ya watoto na wazee. Masheikh nao hulitaja darasani wakifundisha sala bila kupunguza sauti. Linakuwa zito mtu anapomtajia mwenzake uchi wake, au wa mama yake, kwa nia ya kumdhalilisha. Hapo tusi liko katika nia na katika "wake", wala si katika neno.

Anayesema utupu ni wa debe naye amekosea, ila kosa lake ni dogo. Tupu ni kitupu, kisicho na kitu, na kutoka hapo mwili usio na nguo ukaitwa mtupu, hali yake ikaitwa utupu. Mambo ya Walawi sura ya 18 imejaa "utupu" kwa maana ya kile kisichofaa kufunuliwa. Magazeti ya Tanzania yameamua kwamba picha ni "za utupu". Ukiandika "picha za uchi" mhariri atakubadilishia. Kwa hiyo maneno yote mawili ni halali. Mimi katika mada ya mdahalo ningechagua uchi. Utupu umekuwa pazia: unatumika pale mwandishi anapotaka kusema jambo huku ameangalia pembeni, na mdahalo wa sheria hauwezi kuendeshwa hivyo. Isitoshe "utupu hadharani" utampeleka msikilizaji kwenye simu na picha za watu zinazosambazwa, ambalo ni suala jingine na lina sheria zake.

Lakini kubwa zaidi, Mwalimu, ambalo hukuuliza, ni kwamba uchi hauna mpaka mmoja kwa wasemaji wote wa Kiswahili. Kwa mtu wa bara aliyesoma shule ya serikali, uchi ni kutovaa kitu. Kwa Mwislamu wa pwani, uchi ni pia kile ambacho dini inataka kisitiriwe, na kwa mwanamume, kwa wanazuoni walio wengi, ni baina ya kitovu na magoti. Kwa kipimo hicho mtalii anayekatiza Darajani, Unguja, na kaptula iliyoishia katikati ya paja, uchi wake uko nje, ingawa hakuna polisi atakayesema "huyu yuko uchi". Tazama jinsi sarufi inavyobeba tofauti hiyo: yuko uchi ni hali ya mtu mzima mzima, uchi wake unaonekana ni habari ya sehemu. Wanafunzi wawili wanaweza kubishana mpaka jioni, mmoja akiwaza sentensi ya kwanza na mwingine ya pili, wote wakidhani wanasema jambo moja.

Na serikali nazo zimewahi kuutanua uchi kwa kadiri zilivyotaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali na magauni, kwa hoja kwamba lubega na mwili uliopakwa mafuta na udongo mwekundu ni kwenda uchi, na kwamba taifa jipya linaaibika. Mmasai mwenyewe hakujiona yuko uchi hata kidogo, alikuwa amevaa. Wakati uleule Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga marufuku vimini, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Msichana wa Kariakoo aliyevaa kimini alikuwa amevaa vazi la kisasa mno, na mzee wa Monduli alikuwa amevaa la kizamani mno, lakini wote wawili walionekana hawakuvaa vya kutosha. Huko ndiko inakofaa kutafutwa asili ya ile "nusu uchi" ya magazeti. Mtu hawezi kuwa nusu uchi kama asivyoweza kuwa nusu mjamzito. Maana ya hilo neno ni kwamba mwandishi amekasirika. Katika sheria halifai, kwani hakimu atapimaje nusu?

Uganda ilijaribu. Sheria yake ya kupinga ponografia ya mwaka 2014 wananchi waliibatiza sheria ya vimini, na baadhi ya watu waliichukulia kama kibali cha kuwavamia wanawake barabarani. Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 2021.

Nije kwenye "kuhalalisha", ambalo naliona ndilo tatizo lenyewe la mada yenu. Halali ina pacha wake, haramu. Mswahili akisikia jambo limehalalishwa anasikia kwamba limesafishwa, limekuwa jema, halina lawama. Kuruhusu ni kitu kingine: kuna mwenye mamlaka aliyesema ruksa (na kizazi changu hakiwezi kulitamka neno hilo bila kumkumbuka Mzee Mwinyi). Na kutokuwa kosa ni kitu cha tatu kabisa: sheria imenyamaza, hakuna aliyeruhusu wala aliyekataza, majirani wanabaki na haki yao ya kununa. Mada yenu imevichanganya vitatu hivyo, na tayari imewapa ushindi wapingaji, maana ni nani atasimama mbele ya wazee kuhalalisha uchi?

Ukitazama nchi zenyewe ambako jambo hili hubishaniwa, utaona ya tatu ndiyo ya kawaida. Ujerumani wana desturi ya zaidi ya miaka 100 ya kuogelea na kuota jua bila nguo, na huko kuwa uchi peke yake si jinai. Kifungu cha 183 cha kanuni ya adhabu kinamkamata mwanamume anayejianika kwa namna ya kumkera mwingine, na kero nyingine kwa umma huishia kwenye faini. Jiji la Munich limekwenda hatua ya pili, likatenga sehemu maalumu, zikiwemo baadhi ndani ya bustani kubwa ya Englischer Garten. Hapo ndipo "kuruhusiwa" linakaa sawasawa: pana mahali na pana aliyeruhusu. England na Wales, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2003, kifungu cha 66, inamtia hatiani aliyeonyesha sehemu zake za siri kwa makusudi akikusudia aonekane na anayemwona ashtuke au afadhaike. Nia ndiyo kosa. Ngozi si kosa.

Hata hivyo nchi hiyohiyo ya Uingereza ina kisa cha Stephen Gough, mwanajeshi wa zamani aliyeamua kutembea kutoka kusini kabisa mwa kisiwa hadi kaskazini akiwa na viatu, soksi, kofia na mkoba, basi. Uskoti ilimfunga mara kwa mara, jumla yake ikawa miaka, na shtaka lilikuwa kuvuruga amani. Neno uchi halikuwa jina la kosa. Alikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Oktoba 2014 ilikubali kwamba kutembea hivyo ni namna ya kutoa maoni, ila ikaamua kwamba Uskoti haikuvunja haki zake. Mpeni kila upande kisa hiki. Kinamfaa anayeunga mkono na anayepinga.

San Francisco, Marekani, walikwenda kinyume. Kwa muda mrefu jiji halikuwa na katazo la jumla. Mwaka 2011 madiwani waliamuru kwamba asiyevaa atandike kitu kabla ya kukalia kiti cha umma, jambo ambalo bibi yangu angeliafiki bila mjadala, na mwaka uliofuata wakapiga kura 6 kwa 5 kuzuia kuonyesha sehemu za siri mitaani, isipokuwa kwenye maandamano na sherehe zenye kibali. Angalieni walichotaja: sehemu za siri. Waliepuka kuacha neno la jumla lenye mpaka wa kukisia, na sisi tunaotunga mada tungeweza kuwaiga katika hilo, tuwe tunawaunga mkono au la.

Kuna tofauti moja ambayo Kiswahili kinaitaja kwa viambishi tu, na naomba msiipoteze. Alivua nguo. Alimvua nguo. Alivuliwa nguo. Mzizi ni mmoja, lakini mwenye jukumu si mmoja. Machi 1992, Uhuru Park, Nairobi, akina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiwe huru, walivua nguo mbele ya polisi waliokuwa wakiwapiga. Kwa jamii zao mama kumvulia nguo kijana ni laana, na wao waliitumia laana hiyo kama silaha. Novemba 2014, jijini humohumo, wanawake walivuliwa nguo na makundi ya wanaume kwenye vituo vya matatu kwa kisingizio kwamba wamevaa vibaya, na wenzao wakaandamana wakisema vazi langu ni hiari yangu. Mwishoni mwa mwaka huo Kenya iliongeza kifungu cha 251A katika kanuni yake ya adhabu: anayemvua mwingine nguo kwa nguvu kwa kusudi la kumdhalilisha, kifungo kisichopungua miaka 10. Matukio yote mawili yangeandikwa na mwandishi mvivu kuwa ni "visa vya uchi hadharani", na hapo aliyedhulumiwa angewekwa kundi moja na aliyejivua mwenyewe. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Methali hiyo inamwangalia aliyevuliwa tu, inamfundisha ajisitiri. Aliyevua haitajwi kabisa, na huenda ndiyo maana imechukua muda mrefu hivi kumwandikia kifungu.

Haya si ya mdahalo tu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kufasiri sheria zetu ni kubwa. Mfasiri atakayeandika "uchi" pale penye maana ya sehemu za siri, au "kuvua nguo" pale penye "kuvuliwa", atamfunga asiyestahili.

Kwa hiyo ningeandika mada hivi: "Kuwa uchi hadharani kusiwe kosa la jinai." Mkitaka iwe nyembamba zaidi: "Serikali itenge fukwe ambako watu wazima wataruhusiwa kukaa bila nguo." Ya kwanza inabishania adhabu, ya pili inabishania kibali, chagueni moja, msizipandanishe. Mkiniuliza mimi niko upande gani, kwa ya kwanza ningeunga mkono, kwa ya pili ningepinga, na nina hakika wanafunzi wako watapata sababu bora kuliko zangu.

Umesema pia wanafunzi wameandika "wanachi-uchi" kwa wale wanaopenda maisha ya bila nguo. Ni mzaha mzuri, lakini wageni watadhani ni kosa la chapa. Andikeni "wapenda kukaa uchi". Ni neno refu kidogo, ila kila mtu ataelewa mara moja.