Kitabu Kilichosomwa Siku za Mbalamwezi

Wazazi wenzangu huniuliza mara kwa mara ni kitabu gani wamnunulie mtoto ili akipende na aendelee kukikumbuka atakapokuwa mtu mzima, nami huwajibu kwamba jina la kitabu si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kitabu hicho kitasomwa mara ngapi, na nani atakayeketi kando ya mtoto wakati kinasomwa. Nasema hivyo kwa sababu nyumba niliyokulia ilikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, na mpaka leo, nikiwa mama wa watoto wawili, hakuna kitabu kingine ninachokijua kama ninavyokijua hicho.

Nilizaliwa Igombe, mwalo (mahali pa kutia nanga mitumbwi ya uvuvi) ulio kaskazini mwa jiji la Mwanza, nikiwa binti wa mvuvi wa dagaa. Kwa asiyeufahamu uvuvi huo, dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelea na karabai majini, dagaa huufuata mwanga na kukusanyika chini yake, kisha hutegewa wavu. Mwezi unapokuwa mpevu, ziwa lote huwa na mwanga, taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta samaki, na mitumbwi hupumzishwa ufukweni mpaka giza lirudi. Ndiyo maana baba alilala nyumbani kwa muda wa wiki moja hivi kila mwezi, na karabai zake nazo zilikuwa nyumbani. Siku nyingine zote tulikuwa na koroboi, ambayo mwanga wake ulitosha kulia chakula lakini haukutosha kusomea. Siku za mbalamwezi, tukishakula, baba alijaza mafuta karabai moja, akaipiga pampu mpaka ikaanza kuvuma, akaitundika kwenye boriti na kutuita tukae mkekani.

Kitabu chenyewe kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Baba hakuwahi kukaa darasani akiwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa na familia, katika miaka ambayo kisomo cha watu wazima kilipamba moto nchini, na mkoa wetu ulikuwa mstari wa mbele kwa kuwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwaka 1968, makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Aliyemfundisha alimwachia kitabu hicho kiwe cha mazoezi. Kwa hiyo baba alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kidole chini ya mstari, neno gumu akilikata silabi kwa silabi, na alipofika mwisho wa sentensi ndefu aliirudia yote tangu mwanzo ili yeye mwenyewe aielewe. Sisi watoto tulikuwa tumekwisha kuielewa, lakini hatukumkatiza.

Nimekuja kutambua kwamba mwendo ule wa polepole ndio uliokipanda kitabu ndani yangu. Msomaji hodari angekimaliza katika siku chache na kukiweka kando. Baba alikimaliza kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa hakukuwa na kingine, mbalamwezi iliyofuata tulianza upya.

Waliokisoma wanakumbuka kwamba Adili, liwali wa Janibu, anaonekana usiku akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawalilia na kuwalisha kwa upendo. Nilipoisikia habari hiyo nikiwa na umri wa miaka sita hivi, niliogopa mno, nikauliza kwa nini anawapiga kama anawapenda. Baba akanijibu, "Subiri, mwanangu, kitabu kitasema." Kitabu kilisema, lakini kila mwaka kilinisemea jambo jingine. Mwanzoni nilisikia habari za manyani na majini tu. Baadaye nilipata uchungu wa ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, ambao ndio manyani wale, wanaomtupa ndugu yao baharini kwa sababu ya wivu, na bahari niliyoiona akilini ilikuwa ziwa letu, na chombo chao kilikuwa mtumbwi wa baba. Nilipofika darasa la saba ndipo nilipogundua kwamba baba, kila alipofika mahali wanapomtupa ndugu yao majini, alinyamaza kidogo, akairekebisha karabai ambayo haikuwa na kasoro yoyote, ndipo akaendelea. Yeye na kaka yake walikuwa wamegombana kwa sababu ya nyavu, na hawakuwa wakisalimiana. Hakutuambia hata siku moja. Niliyajua hayo kutokana na ukimya wake juu ya ukurasa ule ule, mwaka baada ya mwaka.

Naamini hapo ndipo ilipo sababu ya vitabu vya utotoni kukaa nasi. Maneno ya kitabu hayabadiliki, lakini mtoto anayeyasoma anabadilika kila msimu, na kila anaporudi anakuta chumba ambacho hakukiona mara iliyopita. Pia sauti ya aliyetusomea huingia ndani ya maneno na haitoki tena. Mimi nikifungua Adili na Nduguze leo, nasikia karabai ikivuma.

Pamoja na kuyajua hayo, nilikosea nilipoanza kulea. Nilipohamia mjini na kupata kazi, nilimnunulia binti yangu vitabu kumi na viwili katika likizo moja, nikitaka apate kile nilichokikosa. Kila alipomaliza kimoja nilimuuliza maswali: mhusika mkuu ni nani, umejifunza nini, taja mafunzo matatu. Niliiga nilivyofundishwa shuleni, ambako hadithi ilisomwa kwa ajili ya mtihani peke yake. Baada ya wiki tatu binti yangu alianza kuvificha vitabu chini ya godoro ili nisijue amekimaliza kipi. Niliumia sana nilipovikuta, kwa sababu nilielewa kwamba nilikuwa nimeigeuza furaha kuwa deni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni huu: nunua vitabu vichache, na mtoto akikuomba umsomee kile kile kwa mara ya ishirini, msomee. Usimwambie kwamba ameshakijua au kwamba amekua mno kwa kitabu hicho. Mtoto anayerudia anafanya kazi ambayo wewe huioni. Maswali ya mitihani yaache shuleni. Akikuuliza yeye, mjibu kwa ufupi au mwambie asubiri kitabu kiseme. Wala usiogope kusoma kwa sauti kwa sababu unakwamakwama. Kukwama kwa baba yangu kulinipa muda wa kuyatazama maneno yakikaa mahali pake. Kama fedha ya kununua haipo, Maktaba ya Mkoa ipo hapa hapa mjini, na mtoto anaweza kukisoma kitabu kile kile kila anapopelekwa.

La muhimu kuliko yote ni kupata saa ya kusoma isiyogombaniwa na kazi nyingine. Sisi tulipewa na mwezi. Leo wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za sola na betri, na nyumba nyingi za mwambao zina umeme, hivyo kila familia itafute mbalamwezi yake. Kwangu ni Jumapili jioni, nguo za shule zikishapigwa pasi, na simu zote za nyumbani huwekwa ndani ya kabati la vyombo.

Niongeze neno moja kwa wanaolalamika kwamba watoto wa kanda hii hawana kitabu kinachozungumza habari za kwao. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaikamilisha mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufariki kwake. Si kitabu cha watoto wadogo, na ni kirefu. Lakini nilimsomea kijana wangu wa kidato cha pili sehemu ambayo Myombekere anahangaika kutafuta pombe ya kuwapelekea wakwe ili arudishiwe mkewe, na yeye, ambaye husema hapendi kusoma, aliniomba niendelee kwa sababu aliwatambua watu wale. Wanasalimiana kama wazee wa upande wa babu yake.

Na wewe uliyekua, kama kitabu chako cha utotoni kimepotea, kitafute kwa wauza vitabu vya mitumba kabla hujanunua chapa mpya. Kisome kwanza peke yako, polepole, hata kama utakuta sehemu unazoziona sasa kuwa dhaifu. Mimi nilikuta baadhi ya maelezo yana mahubiri mengi kuliko nilivyokumbuka, lakini upendo wangu kwake haukupungua kwa sababu hiyo.

Nakala ya baba iko kwangu tangu macho yake yalipopungua nguvu. Jalada limeshonwa kwa uzi wa wavu, na ukurasa wa Adili kutupwa baharini una doa kubwa la mafuta ya taa. Jumapili iliyopita binti yangu aliweka kidole juu ya doa hilo akauliza lilitoka wapi. Nilimwambia aje akae karibu, nikaanza kusoma kuanzia hapo.