Chora mshale kabla hujang'oa bamba

Juzi jioni nilipokea magunia manne ya mawe yenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, kutoka kwa kundi jipya la wanafunzi. Niliyafungua moja moja mezani na moyo ukanifurahi: brakiopodi (wanyama wa bahari wenye magamba mawili) wa zama za Devoni wamejazana hadi ukingoni mwa bamba la jiwe, matumbawe hayajavunjika, vishina vya krinoidi, wale wanyama wa bahari wenye umbo la ua, bado vimeshikana pingili kwa pingili. Mna macho, vijana wangu. Halafu nikaligeuza bamba la kwanza kutafuta mshale. Hakuna. La pili, hakuna. Nilipekua yote manne mpaka saa mbili usiku, na mshale niliouona ni mmoja tu, tena umechorwa kwenye gazeti lililofungia jiwe.

Kila mwaka ni hivyohivyo, na kila mwaka nasema nitaandika. Basi leo nimekaa.

1. Mshale. Kabla bamba halijasogea hata upana wa kidole, chora mshale unaoonyesha juu ni wapi, weka alama ya kaskazini, andika namba. Namba hiyohiyo iingie daftarini pamoja na mwinamo wa tabaka. Vyote hivyo kwenye jiwe lenyewe, kwa penseli ya nta.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili nalipigia kelele kuliko mengine yote.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili. Tabaka langu lilikuwa la chokaa ya Devoni, unene wake shubiri moja, limelalia mwambatope laini (tope lililogandamana likawa jiwe), na kwa juu limeshikana na chokaa nyingine ngumu. Lilijaa brakiopodi wa lile gamba lililobonyea, upande huu mgongo, upande huu bakuli. Swali langu nanyi mnalijua: magamba yamelala kifudifudi au chali? Mkondo ukipita sakafuni mwa bahari hupindua gamba lililolala chali, na likishalala kifudifudi maji huteleza juu ya mgongo wake na kuliacha. Gamba linalozama lenyewe kwenye maji yaliyotulia hutua chali. Ukihesabu mangapi yamelala vipi, unaanza kuona nguvu ya maji ya siku ile, zaidi ya miaka milioni 370 iliyopita.

Mvua ilikuwa inakaribia, nikafanya haraka. Niling'oa mabamba 41 kwa mtaimbo na tindo, nikayatia maguniani, nikashuka. Kule stoo nikayapanga kwenye trei, kila moja uso wake mzuri juu ili nipige picha. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu uso mzuri ulikuwa wa chini. Mwambatope ulikuwa umebanduka wenyewe na kuacha magamba safi, ilhali uso wa juu umeng'ang'aniwa na chokaa, huoni kitu. Kwa kuyapanga hivyo niliyapindua karibu yote, tena kwa namna moja, kwa hiyo hesabu haikuyumba hata kidogo. Ilitoka nadhifu. Magamba mengi chali. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: maji yaliyotulia, kina ambacho hata mawimbi ya dhoruba hayafiki.

Mwenzangu aliyekuwa akichora ramani ya kina cha bahari ile aliichukua sentensi yangu, akausogeza ufuko mbali na eneo letu, akaandika sura nzima juu yake. Aliniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Miezi saba baadaye fundi wetu wa kukata mawe aliniita kwenye msumeno. Alikuwa mzee ambaye hakuwahi kusoma jiolojia darasani, lakini mawe yaliyopita mikononi mwake yalikuwa mengi kuliko ya sisi sote kwa pamoja. Alikuwa amepasua bamba langu moja ili atoe kipande chembamba cha kuangalia kwa hadubini. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi gamba moja zima, vifuniko vyake viwili bado vimefumba. Ndani yake nusu ni tope la kijivu, nusu ni fuwele nyeupe za kalisaiti, na kati yao mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Mnajua maana yake. Tope huingia kwenye gamba na kutulia chini, nafasi inayobaki juu hujazwa fuwele baadaye, na ule mstari ni pimamaji iliyoachwa na bahari yenyewe. Kwenye bamba langu, kwa jinsi nilivyokuwa nimeliandikia namba, tope lilikuwa juu.

"Mwanangu," akaniuliza, "bahari yako hii, matope yake yalikuwa yanaelea?"

Nilimshukuru, nikarudi mezani kwangu, na kwa siku tisa sikumwambia mtu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Usiku nilikuwa nabaki nikikata mabamba mengine, nikiomba liwe ni lile moja tu. Halikuwa moja. Katika 41, yaliyopinduliwa yalikuwa 29, yaliyokuwa sawa 5, na 7 hayakuwa na gamba zima hata moja la kunionyesha juu ni wapi. Mchana nilikuwa nakutana na mwenzangu kwenye korido, ananiuliza kazi inaendaje, namjibu inaendelea vizuri.

Siku ya kumi nilimfuata. Alikuwa ameshaikabidhi sura yake kwa msimamizi. Aliniangalia kwa muda mrefu, hakugomba, akaomba orodha ya mabamba. Tulikaa sakafuni mwa stoo wiki mbili tukihesabu upya, yeye anasoma namba, mimi naandika. Magamba mengi yalikuwa kifudifudi. Mahali nilipopaita tulivu palikuwa mahali dhoruba zilipofagia sakafu ya bahari, na ufuko wake ikabidi aurudishe karibu. Yale 7 niliyatoa kwenye hesabu. Nilipanda tena kwenye genge la mwamba kutafuta mengine ya kuyafidia nikakuta sehemu ile ya tabaka imeporomoka.

Najua mtaniambia hata wakubwa wamewahi kupindua. Ni kweli. Hallucigenia, yule mnyama wa zama za Kambri, kabla ya Devoni, kutoka Burgess Shale kule Kanada, alichorwa mwaka 1977 akitembea juu ya miiba yake, na ni mwaka 1991, kwa msaada wa visukuku vya China, ndipo alipogeuzwa na miiba ikakaa mgongoni. Lakini waliomchora mara ya kwanza walikuwa mbele ya mnyama asiyefanana na yeyote waliyemjua. Mimi nilikuwa mbele ya brakiopodi wa kawaida kabisa, na penseli ilikuwa mfukoni.

2. Kilichookotwa kwenye vifusi chini ya genge kiandikwe kuwa kimeokotwa kwenye vifusi. Msikipandishe kwenye tabaka mnalolidhania, hata kama rangi ya jiwe inafanana. Sisemi mkiache. Mawe ya Rhynie kule Uskoti yaligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910 na daktari wa tiba, William Mackie, kwenye vipande vilivyolegea juu ya ardhi, si kwenye tabaka. Baadaye mitaro ikachimbwa, tabaka likapatikana mahali pake, na ndipo ikajulikana kwamba maji ya chemchemi za moto yenye silika yalifunika mimea ile ikiwa imesimama, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, pamoja na kuvu waliokuwa wakiishi ndani ya shina zake. Kipande kilicholegea kinakuelekeza pa kuchimba. Kazi yake inaishia hapo.

3. Jiwe likipasuka, chukueni pande zote mbili, zifungwe pamoja, namba moja, herufi a na b.

4. Matumbawe yasisuguliwe kwa brashi ya waya! Hili linanipandisha hasira kwa sababu nimeliona wiki hii. Lile ganda jembamba la nje, lenye mikunjo midogo kama ya ukucha, ndilo kalenda. Mwaka 1963 mtaalamu wa visukuku John Wells alihesabu mistari hiyo kwenye matumbawe ya Devoni akapata takriban 400 kwa kila mzunguko wa mwaka, mstari mmoja siku moja. Mwaka ule ulikuwa na siku nyingi kuliko wetu kwa sababu siku ilikuwa fupi: dunia ilijizungusha haraka zaidi, na mawimbi ya kujaa na kupwa yameipunguzia mwendo tangu hapo. Aliyesugua tumbawe lile lililo kwenye trei ya tatu amefuta miezi. Maji na brashi ya meno laini vinatosha.

5. Kwa konodonti, vile visukuku vidogo mno kama meno vilivyomo ndani ya chokaa, ni asidi ya asetiki au fomiki iliyozimuliwa. Hidrokloriki itakumalizia chokaa na konodonti wenyewe. Na rangi yao iandikeni siku hiyohiyo: wa njano hafifu hawakuona joto kubwa, weusi walipikwa vya kutosha ndani ya ardhi, na jambo hilo litawahusu hata wenzenu wa mafuta na gesi.

6. Kabla hujaandika "aliishi hapa", jiulize kama ni mwenyeji au aliletwa. Jani la mti kwenye tope la bahari halimaanishi mti ulisimama baharini. Mazon Creek kule Illinois wana vinundu vya mawe ya chuma vya Kaboniferi, zama zilizofuata Devoni, vyenye makundi mawili, lile la Braidwood lenye viumbe wa nchi kavu na maji baridi, na lile la Essex lenye viumbe wa bahari, na hata kwenye la bahari mimea imo, imebebwa na mto. Ukiliona jani la kangaga pembeni mwa kiwavibahari, andika umbali wa ufuko, usiandike msitu. Trilobiti nao, wale wanyama wa bahari wa kale wenye ganda la pingili, wanadanganya wasiokuwa waangalifu. Mmoja alijivua ganda mara nyingi maishani, kwa hiyo mashavu (vipande vya ganda vya pembeni mwa kichwa) yaliyobanduka kumi hayawi trilobiti kumi waliokufa. Tazameni mkao: mashavu yakiwa yamefunguka kando na mwili uko palepale, huenda mwenye ganda alitoka akaenda zake.

7. Msitupe mwambatope mweusi kwa sababu hauna kitu usoni. Karibu na Makhanda, Afrika Kusini, barabara ilikata tabaka jeusi la mwisho wa Devoni mahali paitwapo Waterloo Farm, na mtaalamu wa visukuku Robert Gess akaokoa tani kwa tani za mawe yale kabla hayajapotea, kisha akakaa nayo miaka akiyapasua karatasi kwa karatasi. Humo ndimo walimotoka Tutusius na Umzantsia, waliotangazwa mwaka 2018, wanyama wa mwanzo wenye miguu minne. Kabla yao, mifupa ya wenzao wa Devoni ilikuwa ikitoka sehemu zilizokuwa tropiki au karibu nayo. Hawa waliishi ndani ya duara la Antaktiki la wakati ule, kwenye majira yenye miezi ya giza. Mifupa yenyewe ni vipande vichache vya bega na fuvu vilivyobanwa bapa, ambavyo mtu mwenye haraka angevipita akidhani ni doa.

Kwa hiyo lile rundo mliloliacha nyuma ya gari kwa sababu "halina kitu" naliomba lirudi ndani kabla mvua haijalilainisha.

Kuhusu magunia manne, nimeshatenga mabamba yenye magamba yaliyofumba, maana hayo yanaweza kutuambia yenyewe juu ni wapi. Jumatatu asubuhi tunaanza kuyakata, wote, na kila mmoja atashika ya kwake. Yatakayokosa pimamaji tutayaandikia hivyo kwenye lebo. Nimenunua boksi la penseli za nta, liko kwenye droo ya kwanza kushoto.