Maswali ya Wasomaji: Msumeno wa Mkanda Usiofuata Mstari

Baada ya makala yetu kuhusu kuchagua msumeno wa mkanda (mashine ambayo mkanda wa chuma wenye meno huzunguka juu ya magurudumu mawili) kwa karakana ndogo, barua zilizotufikia zimetoka zaidi Lamu na vijiji vya jirani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa mafundi wengi.

Assalaam alaikum, fundi. Nina karakana ya samani hapa Langoni, Lamu. Nimenunua msumeno wa mkanda wenye magurudumu ya milimita 355, ukavushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kubebwa na mahamali hadi mtaani. Nikipasua ubao wa mbambakofi, mkanda unaacha mstari na kwenda kushoto. Nimevikaza vielekezi, vile vinavyoushika mkanda pande zote mbili, mpaka vinagusa mkanda, na sasa vinapata moto. Nifanyeje?

Waalaikum salaam, ndugu yetu. Jambo la kwanza ni kuvilegeza hivyo vielekezi, kwa sababu kazi yake si kuulazimisha mkanda upite usipotaka kupita, bali ni kuuzuia usiyumbe pale ulipokwisha kukaa wenyewe. Ukivikaza juu ya mkanda ambao haujakaa sawa, ubovu unafichika tu, chuma kinachemka, na mkanda unachakaa kabla ya wakati wake. Mashine iliyovuka maji na kupitishwa vichochoroni haitarajiwi kufika ikiwa imekaa kama ilivyotoka kiwandani. Itengeneze upya tangu mwanzo, na ufuate mpangilio, kwani kila hatua inategemea iliyoitangulia.

Chomoa plagi. Hakikisha mashine imesimama imara, kisha rudisha nyuma vielekezi vyote, vya juu na vya chini, pamoja na beringi iliyo nyuma ya mkanda, mpaka mkanda uwe huru kabisa. Ukaze sasa kwa skrubu ya mkazo. Kipimo kilichochorwa kwenye mashine kinafaa kuanzia, lakini usikitegemee peke yake: inua nguzo ya kielekezi cha juu kiasi cha milimita 150 kutoka mezani, usukume ubavu wa mkanda kwa kidole kwa nguvu ya wastani, na ukiona unapinda zaidi ya milimita 6 hivi, ongeza mkazo. Kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, ukitazama kama mkanda unasogea mbele au unarudi nyuma. Kitasa kinachoinamisha gurudumu hilo kizungushwe kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka mkanda utulie katikati ya mpira uliovishwa gurudumu na ubaki hapo.

Hapo ndipo vielekezi vinaporudishwa. Weka kipande cha karatasi ya kuandikia kati ya mkanda na kielekezi cha kila upande, sogeza kielekezi mpaka kiguse karatasi, kaza, kisha vuta karatasi itoke. Nafasi inayobaki, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, inatosha. Vielekezi hivi visifike kwenye meno, viishie nyuma kidogo ya mapengo yaliyo kati ya jino na jino, la sivyo vitanyoosha mpindo wa meno na mkanda utaharibika siku hiyohiyo. Beringi ya nyuma iachiwe karibu nusu milimita. Mashine inapozunguka bila mbao, beringi hiyo haipaswi kuzunguka nayo, bali ianze pale mbao inaposukuma mkanda. Mwisho, pima meza kwa skwea dhidi ya ubavu wa mkanda, si dhidi ya meno, kwa kuwa meno yamepindwa huku na huku.

Ikiwa baada ya yote hayo mkanda bado unakwenda upande, chukua ubao ulionyooka, chora mstari unaolingana na ukingo wake, uupasue kwa mikono bila kutumia kiegemeo (ule mwongozo wa mezani ambao mbao huegemezwa inapopasuliwa), ukiugeuza kadiri mkanda unavyodai ili ubaki kwenye mstari. Ukifika katikati, zima mashine huku ukiushikilia ubao pale pale ulipo, usubiri mkanda usimame, kisha chora mezani mstari unaofuata ukingo wa ubao. Huo ndio mwelekeo wa mkanda wako, na kiegemeo kipangwe kulingana nao. Wapo mafundi wanaokimbilia hatua hii kabla ya nyingine zote. Mimi siwashauri, kwa sababu mkanda uliolegea hubadili mwelekeo wake kila mbao inapokuwa ngumu zaidi. Na ikiwa pembe uliyoipata ni kubwa mno, mkanda umepoteza makali upande mmoja, ubadilishe tu. Kwa kupasua mbambakofi kwa upana wake, tafuta mkanda wa milimita 13 au zaidi wenye meno 3 kwa kila inchi, ili mapengo yawe na nafasi ya kubeba unga wa mbao na kuutoa nje.

Fundi, mimi ni wa Shela. Natengeneza fremu na viti kwa mbao za majahazi makuukuu. Mikanda inaisha makali haraka mno. Je, nanunua mikanda mibovu?

Sidhani. Mbao za chombo kilichokwisha kazi baharini zina uzuri ambao mbao mpya haina, lakini ndani yake mna misumari ambayo vichwa vyake vimeliwa na kutu vikabaki bila kuonekana. Kabla ya kuwasha mashine, kwangua pamba yote ya kalafati, iliyozibia nafasi kati ya mbao za chombo, sugua uso wa ubao kwa brashi ya waya kuondoa mchanga na chumvi, kisha pitisha sumaku yenye nguvu polepole, pande zote. Angalia pia madoa meusi yanayofuata nyuzi za mbao, maana kila doa la namna hiyo lina chuma karibu. Kumbuka kwamba sumaku haishiki shaba, kwa hiyo jicho lako bado lina kazi. Msumari usiong'oka utolewe kwa patasi, au kipande hicho kikatwe kwa msumeno wa mkono na kutupwa. Kwa kazi ya namna hii mkanda wa bimetali, yaani ulioundwa kwa metali mbili, ingawa bei yake ni kubwa, hustahimili ajali ndogo ambayo mkanda wa kawaida haustahimili.

Nakuomba pia uzingatie rangi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na unga wake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza karibu na karakana. Hata mbao yenyewe si ya kupuuzwa: mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka unga wa mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Nunua barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni. Wanaotumia mvule wajihadhari zaidi, kwani unga wake huwasha ngozi na kubana kifua, na ndani ya mvule mara nyingine hukutwa mawe ya chokaa yanayoua makali sawasawa na msumari.

Sisi huku Matondoni tunaunda mashua. Tumepata msumeno wa mkanda kwa ajili ya kukata mataruma, yaani mbavu za chombo. Mkanda wa milimita 19 umekatika mara kadhaa kwenye kona. Tena, gogo moja liliruka na kumpiga kijana begani. Tuache mashine turudi kwenye tezo, chombo chetu cha kuchongea kwa mkono?

Poleni sana, na tunashukuru kwamba kijana amepigwa bega tu. Tezo msiiache, kwa maana ndiyo itakayoifanya mashine iwe salama. Taruma huchongwa kutoka tawi lililojipinda lenyewe, na tawi ni la mviringo. Kitu cha mviringo kikiwekwa mezani, meno yanapokishika hukivuta chini na kukizungusha ghafla, na hakuna mkono unaoweza kukizuia. Kwa hiyo chongeni kwanza uso mmoja kwa tezo mpaka uwe bapa, uwe ndio unaolala mezani, na hakikisheni kwamba mbao imegusa meza pale hasa chini ya mkanda, isiwe imeinuka kama daraja. Tawi refu lipate mtu wa pili au egemeo la kulishika upande wa pili.

Kuhusu kona, kila upana wa mkanda una mpindo wake. Mkanda wa milimita 6 unaweza kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Wa milimita 13 unahitaji kama milimita 64. Wenu wa milimita 19 unahitaji karibu milimita 140. Mkiulazimisha zaidi ya hapo, mgongo wake hukwaruza mbao, mkanda hujipinda, na hatimaye hukatika. Penye kona kali, kateni kwanza mikato mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, ili vipande vidondoke kimoja kimoja na mkanda upate nafasi ya kugeuka. Msirudishe mbao nyuma wakati mashine inazunguka, kwa kuwa mkanda unaweza kuvutwa ukatoka kwenye magurudumu.

Tazameni pia mahali mkanda ulipokatikia. Ukikatikia kwenye kiungo, yaani pale ncha zake mbili zilipounganishwa, kosa ni la aliyeuchomelea. Kiungo ndicho kilichoichelewesha mashine hii tangu ilipobuniwa mwanzoni mwa karne ya 19, mpaka mwaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crepin alipopata njia ya kuunganisha mkanda usikatike upesi. Ukikatikia penginepo, na mkaona nyufa ndogo zikianzia kwenye mapengo ya meno, chuma kimechoka kwa kupindwa.

Mnapoagiza mkanda mpya kutoka Mombasa, pimeni urefu wenyewe: zidisheni kipenyo cha gurudumu kwa 3.14, kisha ongezeni mara mbili ya umbali kati ya vitovu vya magurudumu, skrubu ya mkazo ikiwa katikati. Kwa gurudumu la milimita 355 na umbali wa milimita 630, mtapata karibu milimita 2375.

Shikamoo, fundi. Mwanangu anajifunza useremala Malindi na ameniambia mashine hii haina hatari kama msumeno wa duara. Ni kweli?

Marahaba, mama. Ni kweli kwa jambo moja tu: mkanda unasukuma mbao chini kuelekea mezani, kwa hiyo ubao bapa haurushwi usoni mwa fundi kama unavyoweza kurushwa na msumeno wa duara. Lakini mkanda huohuo hukata nyama na mfupa bila kutoa onyo. Saa ya hatari zaidi ni mwisho wa mkato, wakati mbao inapoachia ghafla na mkono uliokuwa ukisukuma kwa nguvu unaendelea mbele. Mwambie asiweke kidole gumba kwenye mstari wa mkanda hata siku moja, na sehemu ya mwisho aisukume kwa kijiti. Kielekezi cha juu kishushwe mpaka kibaki milimita 6 hivi juu ya mbao, ili meno yaliyo wazi yawe machache. Glovu avae anapokunja na kufunga mkanda, asizivae kamwe mashine ikizunguka. Mikono ya kanzu au shati ikunjwe, miwani ya kinga ivaliwe, na mashine ikizimwa asitie mkono mpaka mkanda usimame kabisa, kwa sababu magurudumu huendelea kuzunguka kwa muda bila kelele nyingi.

Hewa ya bahari inakula meza ya msumeno wangu. Nipake oili?

Oili itachafua mbao zako na kunasa vumbi. Sugua kutu kwa msasa laini, pangusa, kisha paka nta ngumu na kuing'arisha kwa kitambaa kikavu. Rudia kila unapoona mbao haitelezi tena. Jioni legeza mkazo wa mkanda, usiuache umekazwa usiku kucha, kwa sababu kuulegeza hupumzisha springi na huzuia mipira ya magurudumu isiingie alama. Ukiulegeza, tundika kibao kwenye swichi kinachosema mkanda umelegezwa, ili atakayefungua karakana asubuhi asiwashe mashine kabla ya kuukaza.