Thailand: Kula Vyote, Ila Usile Kiapo

Ugali wangu wa kwanza Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, niliusonga kwa unga ambao pakiti yake iliandikwa kwa Kiingereza kuwa ni wa mahindi. Kumbe ni wanga mtupu, ule wa kuongezea supu uzito. Maji yalipochemka nikamimina, nikasonga, mwiko ukanasa katikati ya sufuria. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kinang'aa, kinavutika kama gundi ya fundi viatu. Nilikuwa na miezi miwili mjini. Wali umenichosha, mikate ya mikahawani imenichosha. Nikakaa juu ya ndoo jikoni nikalia.

Sasa huu ni mwaka wa nne nafundisha Kiingereza huku, na kila anayejiandaa kuja ananiuliza lile lile: dada, nitakula nini? Wengi wanauliza wakiwa wameshaamua. Yuko atakayekula vya wenyeji tu, maana amekuja Thailand na si kwa mjomba. Na yuko ambaye samaki aliyeoza na majani asiyoyajua hayataki hata kuyaona, yeye mpeni chipsi na kuku. Nawajibu wote: usile kiapo.

Nimeona viapo vikivunjika. Kijana mmoja wa Kimarekani alifika kazini akatangaza kwamba hakuvuka bahari aje kula baga. Vibandani tu. Alikula kila kitu, panzi wa kukaanga wakiwemo, na sisi tuliokimbilia mkate alitucheka. Mwezi wake wa tano huku nikamkuta saa tano usiku kwenye ngazi za 7-Eleven (haya maduka yamepita 14,000 nchi nzima, huwezi kuyakwepa), anakula sandwichi ya jibini ya kupashwa moto pale pale kaunta. Miguuni ana karatasi mbili tupu, ya tatu iko mkononi. Hakuniangalia usoni.

Upande wa pili kuna Mwingereza, mtu mzima, ana zaidi ya miaka kumi huku. Mchana anakula kibandani, usiku vilevile, na pilipili anaila kuwashinda baadhi ya wenyeji. Lakini asubuhi ni mkate wa kubanika, siagi na chai ya maziwa. Hajawahi kujaribu kuibadilisha asubuhi yake na haombi radhi kwa mtu. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Mchana una njaa, una wenzako, una kelele za barabarani. Utakula chochote kilicho kizuri. Alfajiri uko peke yako na usingizi, na hapo ndipo tumbo linapokumbuka kwao. Wenyeji wengi asubuhi wanakunywa jok, uji mzito wa mchele uliopondeka, wenye tangawizi na vibonge vya nyama ya nguruwe. Wanaoupenda wanausifu. Mimi nachemsha chai ya maziwa na tangawizi, kisha nashuka barabarani kununua pathongko: vipande vya unga vya kukaanga, viwili viwili vimegandana, binamu wa mahamri asiyejua iliki. Tangu nijipe ruhusa hiyo, milo mingine imekuwa rahisi.

Fedha nazo zisemwe. Miezi mitatu ya kwanza nilifuatana na wenzangu kwenye mikahawa ya mtaa wa Nimman. Baga au tambi za Kiitaliano hazikuwahi kunitoka chini ya baht 220, baht ndiyo fedha ya huku. Mchana na usiku kwa siku thelathini, hiyo ni baht 13,200. Kwa mama ntilie wa mtaani, wali na kitoweo ni baht 60, kwa hiyo milo ile ile ni 3,600. Tofauti yake inapita kodi ya chumba changu. Na usidhani ukipika Uzungu nyumbani utapona: jibini na siagi kwa kawaida vinatoka nje ya nchi, na bei yake inasema hivyo.

Kosa baya kuliko yote ni kula Uzungu wa bei nafuu kwa mpishi ambaye mwenyewe hajawahi kuutamani. Utaletewa tambi zilizomwagiwa tomato ya chupa. Mkate wa kitunguu saumu utakuwa na sukari, naapa, sukari. Mpishi huyo huyo mwache apike cha kwao, utalamba vidole. Ukitaka piza, subiri mwisho wa mwezi, uende kwa anayeijua, ulipe.

Sasa vibandani. Mgeni anaonja supu ya tambi, anakunja uso, anasema haina ladha. Hajagusa vikopo vinne vilivyo mbele yake: sukari, pilipili ya unga, siki yenye vipande vya pilipili, na nam pla, mchuzi wa chumvi unaotokana na samaki waliovundikwa. Supu inaletwa ikiwa haijamalizwa, na anayeimalizia ni wewe. Anza na siki, kisha nam pla kidogo. Sukari iache kwanza, utaielewa baadaye.

Pilipili yao ndogo ni kama pilipili kichaa yetu, ila wao wanaihesabu kwa mkono, moja, tatu, saba, wakiitwanga kwenye kinu cha som tam, kachumbari ya papai bichi. Usipoitaka, sema "mai phet". Mimi siku ya kwanza niligeuza maneno, nikasema "phet mai", na hilo kwa Kithai ni swali: inawasha? Mama wa watu akanijibu kwa furaha, "Phet!" Akaongeza mbili. Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani machozi yakinitoka na midomo imevimba.

Kitu kimoja usikifanyie ushujaa: samaki wa mtoni asiyepikwa. Kaskazini na hasa Isan, yaani kaskazini mashariki, kuna vyakula vyake, wenyeji watakukaribisha kwa moyo mweupe, lakini samaki hao hubeba minyoo ya ini, na ugonjwa huo unaweza kuzaa saratani ya mirija ya nyongo. Serikali yao wenyewe inawasihi watu waache. Shukuru, chukua cha kuchoma.

Na nguruwe. Mimi ni wa Tanga, nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu, nguruwe sigusi. Kusema "mai sai mu", usitie nguruwe, hakutoshi, maana karai ni lile lile na mafuta pengine ni yake. Tafuta alama ya halali, au nenda wanakoswali watu. Chiang Mai kuna msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan huko China, na Ijumaa asubuhi kuna soko jirani yake. Hapo ndipo nilipokula khao soi kwa mara ya kwanza: tambi za mayai kwenye mchuzi wa nazi wenye bizari, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka, pembeni kitunguu kibichi, ndimu na majani ya haradali yaliyochachuka. Chakula hiki kinahusishwa na wafanyabiashara hao hao wa Yunnan waliokuwa wakishuka na misafara. Nilikunywa mchuzi mpaka chini nikaomba mwingine. Mtu wa pwani anayesema Thailand hakuna chakula chake hajafika pale, wala hajaonja massaman, kari yenye mdalasini, iliki, viazi na karanga, ambayo ukifumba macho unaweza kuuliza imetoka kwa shangazi yupi.

Tui ndilo lililonishika kweli. Mama mwenye nyumba wangu, ninamwita Pa kama wanavyoita wao dada mkubwa wa mama au baba, ana kibao cha kukunia nazi chini ya ngazi, cha zamani, cha kukalia, chuma kimechomoza mbele. Siku hizi sokoni nazi inakunwa kwa mashine, lakini chake hakitupi. Nikamuuliza kinaitwaje. "Kratai," akasema. Sungura. Nikamwambia kwetu kinaitwa mbuzi. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaenda kumwambia jirani, na jirani naye akaja kunitaka nirudie.

Mahindi nilikuja kuyapata mahali nisipopategemea: kwenye rafu ya vyakula vya Kizungu, pakiti ya polenta, unga wa mahindi wa Waitaliano. Ni ghali kwa unga wa ugali, na chenga zake ni kubwa, kwa hiyo naisaga tena kwenye blenda. Nainunua mara moja kwa mwezi, na siku hiyo kitoweo nakifuata kona ya mtaa, kwa kijana anayechoma pla nin. Samaki huyo anapakwa chumvi nzito mwili mzima na kusokomezwa mchaichai tumboni, ukimbandua ngozi nyama ni nyeupe, laini, ina mvuke. Ni sato. Si mfano wa sato, ni sato mwenyewe wa Mto Nile: mwaka 1965 Akihito, wakati huo mwana mfalme wa Japani, alimpelekea Mfalme Bhumibol wa Thailand samaki 50, wakazalishwa, wakajaa nchi nzima. Mboga nachukua phak bung, jamaa wa matembele, nakaanga na kitunguu saumu.

Jumamosi iliyopita nilimwalika yule Mwingereza, na Pa akapita mlangoni akauliza salamu yao ya kila siku, umeshakula wali? Nikamvuta ndani. Mwingereza alihangaika na uma mpaka nikamhurumia. Pa hakuuliza kitu. Watu wa kaskazini wamekua wakifinyanga khao niao, wali wa kunata, kwa vidole. Alimega ugali, akaufinyanga, akaubonyeza kwa dole gumba, akachota samaki. Akatafuna taratibu, sote tukimtazama.

"Chuet," akasema. Haina ladha.

Akanawa, akatoka, tukasikia kandambili zake zinashuka ngazi. Aliporudi alikuwa na bakuli la nam phrik num, pilipili za kijani zilizochomwa zikatwangwa na vitunguu. Akaliweka katikati ya meza, akamega tonge la pili.