Tumbo Linakaza Baada ya Upasuaji: Ni Uchungu au Mshono?

SWALI: Nina mimba ya wiki 30. Nikiwa na wiki 22 nilipasuliwa kwa dharura nikatolewa kidole tumbo. Kidonda kimepona vizuri, lakini tangu wiki iliyopita tumbo linakaza mara kwa mara, hasa jioni. Mama mkwe anasema nisiinuke kitandani hadi nijifungue. Je, upasuaji ule unaweza kuniletea mtoto njiti? – Mama Kijacho, Tanga

JIBU: Pole sana, dada. Uchungu wa mapema unaosababishwa na kidole tumbo huja zaidi siku za mwanzo baada ya upasuaji, hasa wiki ya kwanza. Kinachouchokoza mfuko wa uzazi ni uvimbe na usaha kuliko kisu chenyewe: utando wa tumbo ukiwashwa, mwili hutoa kemikali ambazo huufanya mfuko ukaze. Wewe umeshapita wiki 8 na mimba iko salama, kwa hiyo hatari ile kubwa umeivuka. Hata hivyo usipuuze kukaza huku, kwa sababu uchungu wa mapema una vyanzo vingine, na maambukizi ya mkojo ni kimojawapo kinachotokea mara nyingi. Nenda kliniki wiki hii hii upimwe mkojo, hata kama husikii ukichoma.

Sasa tofautisha unachokisikia. Weka kiganja juu ya kitovu tumbo linapokaza. Kama tumbo zima limekuwa gumu mithili ya paji la uso, kisha likalegea, huo ni mkazo wa mfuko wa uzazi. Maumivu ya mshono na makovu ya ndani hukaa sehemu moja, kwako chini kulia. Huja ukigeuka, ukikohoa au ukiinuka ghafla, na tumbo lenyewe hubaki laini. Yapo pia maumivu ya tatu, ambayo aliyewahi kupasuliwa tumbo lazima ayajue: msokoto unaokuja na kuondoka, tumbo kujaa, kutapika, na kushindwa kutoa haja kubwa na hata hewa. Makovu ya ndani huweza kuukaba utumbo, hasa mimba inapokua na kuusukuma. Wengi hudhani ni uchungu wakasubiri. Usisubiri, wahi hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Ukishajua kwamba ni mkazo wa mfuko, kojoa, kunywa vikombe 2 au 3 vya maji, ulale ubavu wa kushoto. Kwa muda wa saa moja andika kila mkazo ulianza saa ngapi na ulidumu sekunde ngapi. Hesabu kutoka mwanzo wa mkazo mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Wengi hukosea wakihesabu kutoka mwisho. Mikazo ya kawaida ya mimba haina mpangilio na hupungua ukipumzika. Ikifika 4 au zaidi katika saa hiyo, au ikizidi kusogeleana na kuuma, nenda hospitali usiku huo huo ukiwa na kadi ya kliniki na karatasi za upasuaji.

Kuhesabu huko hakukuhusu kabisa ukiona damu, maji yakichuruzika ukeni, homa, au mtoto akipunguza kucheza. Hapo unaondoka mara moja. Vivyo hivyo ukisikia uzito mpya unaokandamiza nyonga, au kiuno kinachouma kwa mawimbi. Maji yakitoka vaa pedi safi, usiingize kitu chochote ukeni.

Tunakuhimiza uwahi kwa sababu dawa zinahitaji muda. Wakiona unaelekea kujifungua kabla ya wiki 34, na huna maambukizi kwenye mfuko, watakuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Deksamethasoni hutolewa miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Nifedipini huweza kutumika kuzuia mikazo kwa takriban saa 48 ili sindano hizo zifanye kazi, au upelekwe kwenye hospitali yenye wodi ya watoto njiti. Usiimeze nyumbani, maana hushusha presha. Uchungu ukikaribia kabla ya wiki 32, hutolewa pia magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto. Mama anayefika mlango wa kizazi ukiwa umeshafunguka sana hukosa karibu yote haya, na hilo hutuuma kila mara.

Kuhusu kitanda, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba kulala mchana kutwa hakujathibitika kuzuia njiti, na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Punguza ndoo za maji na mizigo, lakini tembea. Kwa maumivu ya mshono tumia parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa. Diklofenaki na ibuprofeni uziache, zinaweza kupunguza maji ya mtoto na kudhuru mshipa karibu na moyo wake. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu usiziguse. Na kidole tumbo peke yake hakikuzuii kujifungua kwa njia ya kawaida.

SWALI: Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi kabla ya mimba hii ya wiki 33. Je, nami nihesabu mikazo kwa saa nzima? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, dada. Kovu lako liko kwenye ukuta wa mfuko wenyewe, na mikazo ya nguvu huweza kulifungua. Ikianza kuja kwa mpangilio, ondoka. Dalili mbaya zaidi ni maumivu yasiyoachia kati ya mkazo na mkazo, kizunguzungu, damu, au mikazo kukoma ghafla huku maumivu yakibaki. Mapema wiki hii tafuta karatasi za upasuaji, uzipeleke kwa daktari wa wanawake aone uvimbe ulikuwa na kina gani. Kama mkato uliingia ndani ya ukuta, atakupangia tarehe ya upasuaji kabla uchungu haujaanza. Siku yoyote utakayofika mapokezi, maneno ya kwanza kwa mkunga yawe: "Nilishapasuliwa mfuko wa uzazi."