Jibu: Spoku ya gurudumu la nyuma imekatika, je, niendelee kuendesha?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuendelea kwenda kazini kwa baiskeli ilhali spoku moja (ule waya unaounganisha katikati ya gurudumu na ukingo wake) ya nyuma imekatika, na imekatikaje hali hukupita kwenye shimo lolote. Kwa miaka ambayo nimekwenda kazini kwa baiskeli, karibu spoku zote zilizonikatikia zilikuwa za nyuma, upande wa mnyororo, palepale kwenye kiwiko, yaani pindo lake linaloingia kwenye tundu la habu, kitovu cha gurudumu.

Chanzo chake ni uchovu wa chuma. Gurudumu linapozunguka, spoku inayofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena ikipanda, na ile ambayo haikukazwa vya kutosha tangu mwanzo hucheza ndani ya tundu lake mpaka kiwiko kikapata ufa. Ndiyo maana ninaogopa zaidi spoku iliyolegea kuliko iliyokazwa.

Gurudumu lenye spoku 36 kwa kawaida litakufikisha nyumbani ukienda polepole, ila lenye spoku chache huyumba zaidi. Kizungushie kipande kilichokatika kwenye spoku ya jirani kisije kikanaswa na mnyororo, na ulegeze breki iwapo rimu, yaani duara la nje la gurudumu, inagusa mipira ya breki. Baada ya hapo usikawie kutengeneza, kwa sababu spoku za jirani zimeshaanza kubeba mzigo usio wao.

Spoku mpya iwe na urefu na unene sawa na ya zamani. Pima nzima ya upande uleule, kwani za upande wa pili mara nyingi hutofautiana kwa milimita moja au mbili. Upande wa mnyororo itakubidi ufungue friwili, yaani gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo, kwanza. Ukishaipitisha kwa kufuata mpishano wa wenzake, kaza nati yake robo mzunguko kwa robo, huku ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki, kisha uzipige spoku kwa kidole: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Zile za upande usio na mnyororo hulia chini zaidi, na hilo si kasoro.

Nyingine ikikatika muda mfupi baadaye, badilisha spoku zote za gurudumu hilo, maana zimechoka pamoja. Habu na rimu, kama ni nzima, zinaweza kubaki.