Kumfundisha Mtoto Kusubiri

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mzazi wa hapa Makambako, mwenye binti aliye kidato cha pili na kijana wa darasa la saba. Katika kikao cha wazazi tulielezwa kwamba somo la afya ya uzazi litawahimiza watoto wajiepushe na ngono, lakini wale wa sekondari watafundishwa pia kuhusu kondomu na njia nyingine za kuzuia mimba. Wengi tulinung'unika, kwa kuwa kwetu hilo ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kwa nini wasifundishwe kuacha tu?

JIBU: Marahaba, baba. Hofu yako naiheshimu, na katika jambo kubwa tunakubaliana: mtoto wa miaka 14 hana kinga iliyo bora kuliko kusubiri, na somo zuri la afya ya uzazi hutanguliza hilo kabla ya lingine lolote. Ninapotofautiana nawe ni kwenye neno lako la mwisho, "tu".

Wamarekani walilijaribu neno hilo kwa fedha nyingi. Mwaka 1996 Bunge lao lilipitisha sheria ya kutenga dola milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya mafunzo ya kuacha ngono hadi ndoa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2007, iliyofuatilia vijana zaidi ya 2,000 katika programu nne, ilikuta waliofundishwa na wasiofundishwa wakiwa sawasawa: karibu nusu ya kila kundi walikuwa hawajaanza, na walioanza walianza kwa umri ule ule. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi ukafikia hitimisho la namna hiyo, ukaongeza jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii, kwamba elimu kamili, yaani ya kusubiri pamoja na ya kujikinga, haiwaharakishi watoto kuanza ngono.

Hata hivyo, haki itendeke. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mwingine wa huko huko, wa watoto wa miaka 12 hivi, ambapo somo la kusubiri peke yake lilifanya kazi: baada ya miaka miwili walioanza walikuwa kama theluthi moja, wakati kwa wenzao walikaribia nusu. Walimu wale hawakuhubiri ndoa wala hawakuisema vibaya kondomu. Waliwazoesha watoto kukataa na kuyapanga maisha yao ya mbele. Ndiyo maana nasema kusubiri kunafundishika, ila kunafundishwa kama hesabu, kwa mazoezi.

Niliwahi kuliona zoezi hilo katika shule moja ya kata mkoani Mbeya. Mwalimu aliweka viti viwili vikawa bodaboda, mvulana mmoja akawa dereva, na msichana akawa anatoka shule mvua ikinyesha. Mara ya kwanza alicheka huku amefunika mdomo. Mara ya pili akasema, "Nashukuru kaka, nitatembea." Dereva akambana: "Nimekubeba mara tatu bila hela, leo unaninyima hata namba?" Binti akakwama, darasa zima likanyamaza, kwa sababu ndipo wengi wanapokwamia. Kisha mwenzake wa nyuma akanyoosha mkono akamwambia ajibu hivi: "Kama ni deni, taja ni shilingi ngapi, baba atakuja kulipa." Wakalirudia jibu hilo mpaka likawatoka bila kutetemeka.

Mwalimu yule pia huweka boksi la maswali yasiyo na majina. Nilikaa naye tukayafungua makaratasi. Mmoja aliuliza kama msichana asiyevunja ungo anaweza kupata mimba. Anaweza, kwa sababu yai hupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Mwingine aliuliza kama mvulana anayejizuia huugua. Haugui hata kidogo. Sasa fikiri, baba: mtoto anayeamini kwamba kujizuia kunaleta ugonjwa utamwambiaje asubiri bila kwanza kuuondoa uongo huo? Mwalimu aliyeruhusiwa kusema "acheni" na kunyamaza hawezi kumjibu, na atakayemjibu ni rafiki aliyemzidi miaka mitatu.

Kuna na hali ya kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchini, lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Wewe unaishi njia panda, pale barabara ya Songea inapoungana na ile ya kwenda Tunduma. Binti yako akisubiri hadi atakapoolewa akiwa na miaka 24, bado siku hiyo atahitaji kujua kupima na mwenzake na kujikinga, na huko mbele hakuna mwalimu anayemngoja.

Sikuahidi kwamba somo pekee linatosha. Mradi wa MEMA kwa Vijana, wa elimu ya afya ya uzazi, uliofanyika mkoani Mwanza uliongeza sana ujuzi wa vijana, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Nyumbani kuna sehemu yake. Nenda shuleni uombe kuona yanayofundishwa kwa kila umri, kisha uongee na kijana wako wa darasa la saba pia, maana mahubiri yote huwaelekea wasichana, na mvulana anakua bila kuambiwa na baba yake kwamba "sitaki" ni sitaki. Mnapomenya viazi jioni panatosha.

SWALI: Shikamoo mama. Nipo kidato cha tatu wilayani Rungwe, nimepanga geto karibu na shule. Mwalimu alipitisha darasani pipi iliyomenywa, akasema msichana aliyekwisha kuguswa ni kama pipi hiyo. Mimi yamekwisha kunitokea. Je, somo la kusubiri bado linanihusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Linakuhusu kama linavyomhusu aliyeketi mbele yako. Mfano ule ni wa kuumiza na si wa kweli, na umeniuma mimi niliyeusoma tu, kwa sababu darasani huenda yupo aliyelazimishwa. Wewe si pipi. Kuacha ni uamuzi, na aliyeanza anaweza kuufanya leo jioni.

Hukuniandikia ilikuwaje. Kama alikuwa mtu mzima, au ulilazimishwa, kosa ni lake; sheria yetu haihesabu ridhaa ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 18. Piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Kama hazijapita saa 72, wahi kituo cha afya ukapewe dawa za kuzuia VVU. Kama zimepita, kapime; tangu mwaka 2019 mwenye miaka 15 hahitaji idhini ya mzazi kwa kipimo hicho. Ikiwa umekosa siku zako, pima na mimba mapema, na ujue kwamba waraka wa elimu wa mwaka 2021 unamruhusu aliyejifungua kurudi shule.

Halafu mtafute mwanafunzi mwenzako mkae wawili chumbani. Na kama mtu huyo ana ufunguo wa geto lako, badilisha kufuli wiki hii.